Shilingi Kumi za Utulivu

Jumamosi moja nikiandaa mahubiri, kijana wangu wa miaka saba alinisumbua sana. Nikampa shilingi kumi aende kibanda cha video hapo chini. Nikapata masaa matatu ya utulivu. Na nilikuwa naandika juu ya malezi, hebu fikiria!

Usiku akaamka akilia. Mara tatu. Alikuwa ameona mtu akikatwa shingo.

Bodi ya kuainisha filamu, ile KFCB, huweka alama: GE ni ya watu wote, PG mzazi aongoze, halafu 16 na 18 ni umri wenyewe. Lakini muvi ikifika hapa Soweto West ndani ya flashi, haina alama yoyote, na mwenye kibanda haulizi miaka, anauliza pesa. Mimi nilisomea biashara, siwezi kumlaumu peke yake. Mteja wake alitumwa na baba, tena pasta.

Soma Zaburi 101. Daudi ni mfalme, ana askari, lakini habari ya macho yake anaianzia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Najua vyumba vyetu ni kumi kwa kumi, mtoto ataenda wapi? Basi Jumamosi hii kanisa litakuwa wazi saa nane hadi saa kumi na moja. Muvi ni GE, nimeitazama mpaka mwisho. Leteni watoto, na mzazi mmoja abaki nao. Nitakuwa hapo na wangu. Mpaka leo hataki taa izimwe.