Haki ya Kipimo

Kila kipimo kilipimwa na mtu kabla ya kupimia watu. Muuzaji sokoni hutumia mizani ambayo hakuiunda, na mara nyingi hajui ni nani aliyeisawazisha wala kwa jiwe gani. Mizani ikiwa na kasoro mnunuzi hupunjwa, na muuzaji aweza kuapa kwamba mkono wake ni safi. Swali la kale la maadili ni hili: je, mtu ana hatia kwa kasoro ya chombo alichokirithi? Swali hilo laonekana wazi katika kazi ambayo wengi hawaidhanii kuwa na uhusiano wowote na maadili, nayo ni kazi ya mwanafunzi wa upigaji picha za sinema anapoijaribu filamu kabla ya kuitumia.

Jaribio lenyewe ni jambo dogo. Gombo la futi 100 la filamu ya milimita 16 huisha kwa dakika 2 na sekunde 46 hivi, kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde. Mwanafunzi huweka mbele ya kamera mtu, kadi ya kijivu irudishayo asilimia 18 ya nuru inayoiangukia, na kibao chenye maandishi ya kila hatua. Hupiga kwanza kwa kiasi cha nuru kilichoagizwa na kiwanda, kisha kwa nusu yake, kisha kwa robo, kisha kwa maradufu. Hubadili jambo moja tu kila mara, kwa maana abadiliye mawili pamoja hajui ni lipi lililoleta matokeo. Baada ya hapo filamu hupelekwa kusafishwa. Negativu ya rangi hukaa katika dawa yenye joto la nyuzi 41 hivi kwa muda wa dakika 3. Naye aweza kuomba gombo la pili likae zaidi, aone kama upungufu wa nuru wafidika.

Afundishwalo na jaribio ni kwamba filamu ina tabia na ina mpaka. Mwaka 1890, nchini Uingereza, Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield walionyesha kwamba weusi wa negativu hufuata kiasi cha nuru kwa kanuni iwezayo kuchorwa kwa mstari. Katikati mstari hupanda sawasawa. Mwanzoni na mwishoni hulala. Mahali unapolala, vitu viwili visivyofanana huonekana kimoja. Ndiyo sababu giza la filamu si sawa na giza la usiku. Usiku jicho huzoea na kutafuta. Katika filamu giza ni mahali ambapo tofauti zimekoma. Kovu, kunyanzi za paji na chozi shavuni huwa doa moja. Wala dawa haiponyi ugonjwa huo. Kusafisha kwa muda mrefu huongeza ukali wa picha na kukuza punje zake, lakini hakurudishi kile ambacho nuru haikukiandika.

Hapo ndipo uso wa mtu unapoingia katika hesabu. Ngozi nyeupe kwa kawaida hurudisha karibu maradufu ya nuru irudishwayo na kadi ya kijivu. Ngozi nyeusi sana hurudisha nusu yake au pungufu. Watu wawili wa namna hiyo wakiketi meza moja chini ya taa moja, nyuso zao hupitana kwa nuru mara 4 au zaidi. Nuru ikikadiriwa kwa uso wa kwanza peke yake, uso wa pili husukumwa kuelekea mwanzo wa mstari, mahali tofauti zinapokufa.

Mambo hayo yalitokea, wala si kwa nadra. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, maabara za sinema ziliunganisha mwanzoni mwa magombo picha chache za uso wa mwanamke pamoja na vipande vya kijivu, ili mafundi wasawazishe rangi kwazo. Watazamaji hawakukusudiwa kumwona, na karibu kila mara mwanamke huyo alikuwa mweupe. Katika picha zisizo za sinema, Kodak iligawa kadi za namna hiyo zilizojulikana kwa jina la Shirley. Mwanazuoni wa Kanada, Lorna Roth, alieleza katika makala yake ya mwaka 2009 kwamba miongoni mwa waliolalamika hata filamu ikaboreshwa kwa rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao hawakuona tofauti za bidhaa zao katika picha. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilifika katika miaka ya 1990. Waswahili husema: asiyekuwapo na lake halipo. Ubao ulipata wakili kabla ya uso.

Mtu aweza kujibu kwamba kemia haina chuki. Chumvi ya fedha haijui kabila, na ngozi nyeusi hurudisha nuru kidogo kwa sheria ya maumbile. Jibu hili ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Maumbile yaliamua kwamba filamu itakuwa na mpaka. Hayakuamua ni uso wa nani utakaotumiwa kuuweka. Huo ulikuwa uchaguzi wa watu, na uchaguzi wa watu haukosi kuhojiwa. Mwingine aweza kusema kwamba shauri hili limekwisha, kwa kuwa filamu kama Vision3 500T ya Kodak, iliyotolewa mwaka 2007, huchukua tofauti nyingi za mwanga na kivuli kwa pamoja. Lakini mpaka uliosogezwa mbali ungali mpaka. Tena kipimanuru kisomacho nuru inayorudishwa na kitu hudhani kila kitu ni kijivu: kikielekezwa kwa uso mweusi hutaka kuupausha, kikielekezwa kwa ukuta mweupe ulio nyuma yake hutaka kuuzamisha.

Haskell Wexler, aliyepiga picha za sinema ya mwaka 1967 iitwayo In the Heat of the Night, husifiwa kwa kuwa aliona kwamba taa kali za desturi zilileta mng'ao juu ya uso wa Sidney Poitier na kuficha sura yake, akazirekebisha. Hakungoja kiwanda kibadili kemia.

Basi mwanafunzi ana hatia gani? Hana hatia ya kadi aliyoikuta, kama muuzaji asivyo na hatia ya jiwe alilolikuta. Hatia yake huanza pale alipoweza kujua akachagua kutojua. Filamu ni ghali, na mfuko wa mwanafunzi ni mwepesi. Kishawishi cha kumjaribu rafiki mmoja aliye karibu, na kuamini kwamba watu wote wamekwisha kujaribiwa, ni kikubwa. Lakini akiba ya dakika hizo chache hulipwa na mtu mwingine. Hulipwa na mzee anayesimulia maisha yake mara moja tu, ambaye siku picha itakapoonyeshwa sauti yake itasikika na uso wake hautakuwapo.

Jaribio halifuti kosa, hulihamisha. Hulitoa katika siku ya mtu aliyeketi mbele ya kamera na kulitia katika siku ya mwanafunzi, ambako laweza kusahihishwa kwa gharama ya gombo moja. Kwa hiyo uso unaostahili kuwekwa kwanza mbele ya lenzi, kando ya kadi ya kijivu, ni ule ambao kiwanda hakikuufikiria.