RASILMALI AU FAIDA?

Ndugu Waislamu, aliyelaghaiwa mali yake ng'ambo ana haki ya kuidai. Lakini adai nini? Ulipofichuka udanganyifu wa Bernard Madoff huko New York mwaka 2008, ilidhihiri kwamba "faida" aliyowalipa watu ilikuwa ni fedha za wateja wenzao. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikakubali kila mtu ahesabiwe alichotia, kisha kipunguzwe alichokwisha kuchukua. Na wengi waliopokea zaidi wakadaiwa wao. (Sidhani kadhi angehukumu vingine.) Aya ya 279 ya Sura ya Baqara huwapa walioacha riba rasilmali zao, si zaidi. Basi dai ulichotoa, kwa hati zako. Na wewe uliyetoka mapema na "faida", mali hiyo ni ya nani? Mtafute mwenyewe umrudishie, kabla hajakudai mbele ya Mola wako.