Je, Ni Halali Kusema "Amekwisha"?

Sisi watu wa Butembo na Beni tukisikia neno samaki twafikiri chungu mara moja: samaki wa Kyavinyonge, wa ziwa Edouard. Leo twataka kusema juu ya samaki mdogo asiyefaa kwa chungu, lakini atufaa kwa swali gumu: Je, ni halali kusema juu ya mtu aliye hai kwamba amekwisha?

Samaki huyo, kwa Kilatini Nothobranchius guentheri, ni wa kisiwa cha Unguja. Ndugu zake wako Tanzania bara, na hata kwetu Kongo, upande wa Katanga. Hukaa katika madimbwi ya mvua. Kiangazi kikija dimbwi hukauka, na samaki wote hufa. Mpita njia huona matope yaliyopasuka tu. Kumbe mayai yamo ndani, nayo yana uhai. Mvua ikirudi, watoto hutoka.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wamfugao nyumbani katika sanduku la kioo. Chini huweka mboji, na samaki hutaga humo. Kisha mfugaji huitoa mboji, huikamua ibaki na unyevu kidogo, huitia katika mfuko wa plastiki, huandika tarehe, hungoja majuma mengi, pengine miezi. Akitia maji kabla ya wakati, wengine hutoka wanyonge, hutambaa chini wasiweze kuogelea. Tena, siku ya kutia maji mayai hayaanguliwi yote. Asiyejua husema, "Yaliyobaki yameoza," akaimwaga mboji. Ajuaye huikausha tena, hungoja, hutia maji mara ya pili. Na mara nyingi huona watoto wapya. Sababu ni hii: mvua ya kwanza pengine ni ya uwongo, hunyesha siku chache, kisha jua hurudi. Kama mayai yote yangeiitikia, ukoo wote ungepotea.

Sasa tutazame kwetu. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vimeona mauaji mengi. Wako watoto waliotekwa wakapelekwa porini. Wako na vijana walioingia katika makundi ya silaha kwa hiari yao. Mmoja akirudi, mara husikika: "Huyu hana kitu tena ndani." Akiitwa kanisani mara moja asije, twalifuta jina lake mioyoni mwetu.

Labda mama aliyezika wanawe atatujibu: "Mwaniambia habari za samaki! Yai halikuua mtu." Asema kweli, wala hatuna haki ya kumnyamazisha. Yai halina dhambi. Mtu ana hiari. Kwa hiyo mtoto aliyetekwa asihesabiwe kosa la waliomteka. Bali aliyetenda mabaya kwa hiari yake na asimame mbele ya sheria, aungame, alipe awezalo kulipa. Kungoja si kusema kwamba hakuna lililotendeka. Twasema jambo moja tu: adhabu ni kazi ya hakimu, lakini neno "amekwisha" hakupewa mwanadamu alitamke, kwa maana haoni yaliyomo ndani ya udongo.

Tena kungoja ni kazi. Mfuko uliosahauliwa hukauka mno, na mayai huharibika. Katika mfano wa Bwana wetu juu ya mtini usiozaa, mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, akaahidi kuupalilia na kuutia mbolea. Hakuomba mwaka wa kukaa bure. Basi kijana aliyerudi apewe jembe, afundishwe kazi, atembelewe, apate mahali pa kuketi katika jumuiya. Asipoitika mwaka huu, aitwe tena mwaka ujao.

Na kila mmoja wetu ajiulize: Je, mimi mwenyewe Mungu aliniita mara ngapi kabla sijaitika?