Kazi ya Apolo

Somo: 1 Wakorintho 3:5–9, Matendo ya Mitume 18:24–28



Mtume Paulo anapowaandikia Wakorintho anataja kazi tatu: yeye alipanda, Apolo akatia maji, na kukuza ni kwa Mungu. Mahubiri yetu mengi humsifu mpandaji, kisha hurukia kwa Mkuzaji. Mtia maji hupitwa tu, utadhani kazi yake ni kubeba ndoo na kumimina. Juma hili tumtazame yeye, na atakayetufundisha ni bromelia, ua la chungu linalopendwa kupamba baraza na hata madhabahu.

Bromelia ni jamaa ya nanasi, asili yake Amerika. Ile yenye majani ya rangi ya fedha na ua la waridi, Aechmea fasciata, hutoka misitu ya kusini-mashariki mwa Brazili, na huota juu ya miti. Mizizi yake kazi yake kubwa ni kushika gome isianguke. Kunywa, hunywa kwa majani. Yamezungukana na kubanana hata yakafanya kikombe katikati. Mvua hujaa humo, na vigamba vidogo mno vilivyo kwenye vitako vya majani hufyonza maji pamoja na virutubisho vya takataka zilizoozea mle.

Mtu huinunua kwa mapenzi, akailowesha udongo asubuhi na jioni kama tuta la mchicha. Haipiti muda mrefu kitako kinaoza, na jani ukilivuta linabaki mkononi. Ua hilo halikunyimwa maji. Lilitiwa maji mahali ambapo si pa kunywea.

Ndivyo tunavyowafanyia watu wetu. Mtoto anataka kusikilizwa, sisi tunamwongezea masomo ya jioni. Mama mjane anatamani mtu wa kuketi naye, tunamtumia pesa kwa simu na kujiona tumemaliza. Kijana wa kwaya ameteleza, tunamsimamisha mbele ya kikao cha wazee, naye neno moja la faragha lingemtosha. Hakuna aliyekosa upendo hapo. Kilichokosekana ni kumjua anayepewa.

Apolo mwenyewe alijifunza hili kwa kutendewa. Alifika Efeso kutoka Aleksandria, msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko, ila alikuwa anaujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia katika sinagogi, wakaona pengo lake. Hawakumkatiza mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kisha akavuka kwenda Akaya, mkoa wenye mji wa Korintho, akawa msaada mkubwa kwa waumini kule. Kumbe aliyewatilia maji Wakorintho alikuwa ametiwa maji kwanza, taratibu, na mahali panapofaa.

Tena jamaa hii ya mimea hainywi kwa namna moja. Ziko Tillandsia nyingi zisizo na kikombe. Hizo hunywa umande na mvua kwa vigamba vilivyotapakaa juu ya majani, nazo zikishalowa sharti zikauke upesi, kwa kuwa jani likishinda limelowa hewa haipiti vizuri, nalo huoza. Wapo waumini wa namna hiyo. Neno fupi huwatosha, kisha waachiwe nafasi. Ukiwafuata kila siku kwa ushauri na ujumbe wa simu, unawaziba pumzi.

Na hata maji yaliyotiwa mahali pake huharibika yakikaa. Wataalamu wa bustani hushauri kumwaga ya zamani kikombeni na kutia mapya, ya mvua yakipatikana, kwani maji yenye chumvi nyingi huunguza ncha za majani. Katika kisiwa cha Trinidad, miaka ya 1940, ilibainika kuwa mbu wa malaria walizaliana ndani ya bromelia zilizoota juu ya miti ya kivuli katika mashamba ya kakao. Kikombe cha uhai kikawa kiota cha ugonjwa. Mzazi anayerudia karipio lile lile la miaka kumi, au mhubiri anayesoma daftari lake la zamani, ajiulize anazalisha nini.

Jambo la mwisho ni subira. Bromelia iliyokosa maji hujikunja majani, na ncha zake hukauka zikawa za kahawia. Ukianza kuitunza vizuri, ncha hizo hazirudi kuwa kijani kamwe. Nafuu huonekana kwenye jani jipya linalochomoza katikati. Mume aliyeacha pombe bado ana madeni ya zamani. Binti aliyerudi nyumbani bado ana kovu. Tukizidi kukagua ncha zilizokauka, tutasema hakuna kilichobadilika, na Mungu yuko katikati anakuza.

Basi wapendwa, juma hili kila mmoja wetu amchague mtu mmoja ambaye amekuwa akimhudumia kwa mazoea. Kabla ya kumpa kitu kingine chochote, aende amuulize: “Nikusaidie nini?” Kisha anyamaze, asikilize jibu lote. Kukuza si kazi yetu. Kujua pa kutia maji ni kazi yetu, na tutaulizwa juu yake.