Sahihi ya Kofia na Sahihi ya Kadi

Kwa Kiswahili neno "sahihi" lina maana mbili. Ni jina unaloandika kwa mkono wako chini ya karatasi, na pia ni kitu kisicho na kosa. Naomba tulifikirie hilo neno kidogo kupitia mchezo ambao wengi wetu hapa Kampala tunauona kwa mbali tu: gofu.

Ukipita na boda barabara ya Yusuf Lule, unaona uwanja wa Kitante, majani yamekatwa vizuri, watu wachache wanatembea polepole na fimbo zao. Vijana kadhaa wa kwetu huenda kule kubeba mifuko ya wachezaji. Mmoja wao ana kofia iliyotiwa sahihi na bingwa wa zamani. Kuna mtu anataka kuinunua, na nyumbani kodi imefika. Akauliza kikundi chetu cha vijana: nikiuza, si nitakuwa nimeuza heshima niliyopewa?

Tulibishana sana. Wengine walisema ni wino tu. Wengine wakasema hapana, mkono wa bingwa umepita pale, huwezi kuulinganisha na wa mtu yeyote.

Wanaokusanya sahihi za mabingwa wanajua kwamba thamani yake haitoki kwenye wino. Mwaka 1978 Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda Kenya Open pale Muthaiga, Nairobi. Alikuwa bado kijana, hajashinda ile Open kubwa ya Uingereza aliyoishinda 1979. Kama kuna mtu wa Nairobi alimwomba sahihi siku hiyo, alipata karatasi ya kijana tu. Baadaye ikawa karatasi ya bingwa wa dunia. Halafu Ballesteros alifariki 2011, na sahihi za marehemu haziongezeki tena, kwa hiyo bei inapanda. Karatasi ni ileile, wino uleule. Kilichobadilika ni macho yetu sisi tunaoitazama.

Ndiyo maana nilimwambia yule kijana: uza, lipa kodi. Kofia ni zawadi, na zawadi ikisaidia nyumba haijadharauliwa. Heshima ya yule mzee haikai kwenye kofia.

Sasa inakaa wapi? Mimi naona inakaa kwenye sahihi nyingine, ile ambayo haiuzwi. Kwenye gofu ya mashindano, mapigo yako yanaandikwa na mchezaji mwenzako kwenye kadi, shimo kwa shimo. Mwisho unaisoma kadi na kutia sahihi. Ukisaini mapigo machache kuliko uliyopiga, unatolewa kwenye mashindano. Ukisaini mengi kuliko uliyopiga, basi hayohayo ndiyo yako.

Mwaka 1968, kwenye mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alicheza vizuri ajabu siku ya mwisho, na ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, anatimiza miaka 45. Kwenye shimo la 17 alipiga mapigo 3. Mwenzake Tommy Aaron akaandika 4. Dunia nzima ilikuwa imeona kwenye televisheni kwamba ni 3. Lakini De Vicenzo alikuwa ameshasaini bila kuangalia. Jumla yake ya siku ikawa 66 badala ya 65, na Bob Goalby akashinda kwa pigo moja. Bila ile 4 wangekuwa sawa, na wangerudi kesho yake kumtafuta mshindi.

De Vicenzo angeweza kumpigia kelele Aaron. Hakufanya hivyo, alijilaumu mwenyewe. Mwaka 1970 wakuu wa gofu wa Marekani walimpa tuzo ya Bob Jones, ambayo hutolewa kwa uungwana mchezoni. Kwangu mimi, hiyo sahihi iliyomnyima ushindi ina thamani kuliko kofia elfu moja. Ya kofia inasema "mimi ni nani". Ya kadi inasema "haya ni yangu, niulizeni mimi".

Mtu atasema: lakini ni uonevu, namba ilikuwa ya uongo na kila mtu aliijua! Kweli, na mimi inaniuma. Ila kama sahihi inaweza kufutwa kila ikituumiza, basi hata inapotulinda haitatulinda.

Ndugu zangu, sisi wakimbizi tunasaini kuliko mabingwa. Fomu ya msaada, fomu ya shule, mkataba wa chumba, na mama ambaye hakusoma anaweka kidole gumba. Mara nyingi fomu ni ya Kiingereza, foleni ni ndefu, na mwenye kalamu anatuambia "weka hapa, haraka". Hapo hatuko sawa na De Vicenzo. Yeye alipewa nafasi ya kusoma. Anayemharakisha mtu asaini asichokielewa amechukua jina lake bila kumpa ukweli, na hilo ni kosa la mwenye kalamu kwanza.

Lakini sisi vijana tuliofika sekondari hatuna sababu ya kukaa kimya. Simama karibu na mama kwenye foleni. Omba dakika tano. Msomee kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla kidole hakijagusa wino. Sahihi yetu haitauzwa popote, lakini inaweza kuwa sahihi kwa maana zote mbili.