Deni la Utulivu

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti mdogo uliozungumzwa sana. Mtaalamu wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri maneno ya yoga. Mara zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo huo wa taratibu. Daktari wa moyo wa Harvard, Herbert Benson, alikuwa ameshaandika kitabu kizima mwaka 1975 kuhusu namna mwili unavyotulia mtu anaporudia neno moja na kuyaacha mawazo yapite. Leo sala na tafakari zimo katika ushauri wa afya, pamoja na mboga za majani na usingizi wa kutosha.

Hakuna sababu ya kuyapinga matokeo hayo. Mwili ni mwili, uwe wa Mwitaliano au wa Msukuma. Lakini liko swali ambalo kifaa cha kupimia moyo hakiwezi kulijibu: wakati watu wale wameketi kusali, nani alikuwa akipika? Watoto wao walikuwa na nani?

Swali hilo linaonekana dogo mpaka lifikishwe Nassa.

Nassa iko kando ya Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria, upande wa wilaya ya Busega, Tanzania; eneo hilo lilikuwa sehemu ya wilaya ya Magu kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba, mahindi, ng'ombe na samaki, na historia yake ya sala si fupi. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo hapo mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 kikakabidhiwa Africa Inland Mission. Kazi iliyoanzia hapo ndiyo iliyozaa kanisa linaloitwa leo Africa Inland Church Tanzania. Pamoja na kusoma na kuandika, wamisionari walileta juma lenye siku moja isiyoguswa na jembe.

Siku hiyo ina jambo la kufundisha. Mkulima akiamua peke yake kupumzika mwezi Januari, magugu yakiwa yamelishika shamba, majirani watamwona mvivu, na yeye mwenyewe ataketi chini ya mwembe akihesabu matuta aliyoyaacha. Mwili umekaa, moyo uko shambani. Jumapili haina hofu hiyo, kwa kuwa wengi wameweka jembe chini kwa pamoja na hakuna anayemtangulia mwenzake. Utulivu anaoupata mtu mmoja ibadani umetengenezwa na makubaliano ya watu wengi, wengine hata hawajuani. Akiuita wake binafsi, anasahau ni nani waliompa.

Amri ya Sabato yenyewe haikusahau. Haimwambii mtu atafute amani ya nafsi yake. Inataja, mmoja baada ya mwingine, wale wanaobeba kazi ya nyumba: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama, mgeni. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinaeleza sababu waziwazi: mtumwa na mjakazi wapumzike kama bwana wao. Pumziko la mwenye nyumba halijakamilika ikiwa limelipiwa na jasho la mtu wa chini yake.

Katika orodha hiyo ndefu mke hakutajwa. Wafasiri wengine husema yumo ndani ya anayeambiwa, kwamba amri inamsemesha yeye pamoja na mumewe. Huenda. Lakini Jumapili haiwasubiri wafasiri: maji lazima yachotwe, kuni ziwashwe, ugali usongwe, na mara nyingi mikono ni ile ile ya Jumamosi.

Wasukuma, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na pumziko lao kabla ya kengele ya kanisa. Jioni, ng'ombe wakiisha kurudi, moto wa shikome uliwashwa nyumbani, wazee wakaketi na vijana. Hapo zilisimuliwa habari za ukoo, mashauri yalikatwa, na mvulana alijifunza kunyamaza mkubwa anapofikiri. Mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliwatetea watu waliodhaniwa na wageni kuwa wamekaa tu. Hawapotezi wakati, alieleza. Ama wanausubiri, ama wanauumba. Moto wa shikome unampa haki. Kilichoonekana kama uvivu kilikuwa shule, baraza na tafakari kwa pamoja.

Hata hivyo, shikome ilikuwa hasa ya wanaume na wavulana wao, na chakula kilicholiwa pale kilitoka jikoni. Utetezi wa Mbiti ni wa kweli, lakini unabaki nusu mpaka aulizwe pia yule ambaye hakupata nafasi ya kukaa.

Bugobogobo, ngoma ya kulima ya Wasukuma, inasogea karibu zaidi na jibu. Kikundi huingia shambani kwa ngoma, majembe yakarushwa na kushuka kwa mdundo mmoja, na kipande ambacho kingemchosha mtu peke yake kikaisha katikati ya nyimbo. Nafuu haisubiri kazi iishe, maana mzigo umegawanywa na pumzi za watu zimeafikiana. Baada ya mavuno, ngoma za mashindano za vyama vya Bagika na Bagalu huitoa furaha hiyo uwanjani, mbele ya watu wote. Ushauri wa afya unaomtazama mtu mmoja kwenye mkeka wake hauna mahali pa kuliweka jambo kama hili.

Wapo watakaosema kwamba sala ya kweli ni ya faragha. Yesu alipanda mlimani peke yake. Mwislamu huamka usiku kwa tahajudi nyumba nzima imelala. Ni kweli, na faragha hiyo ni ya thamani kubwa. Lakini mwenye kuamka usiku anahitaji mchana usiomvunja mgongo. Tena si kila sala hutuliza. Mwaka 1975 Mbiti alichapisha mkusanyiko wa sala za dini za Kiafrika, na nyingi huomba vitu vya kushikika: mvua, watoto, afya, mifugo. Mkulima wa Simiyu anayeombea mvua mahindi yakiwa yanakauka haombi kutulizwa. Anaweza kuinuka na wasiwasi ule ule, ila sasa anajua majirani zake nao wameusema. Kuipima sala yake kwa mapigo ya moyo ni kuikosea heshima.

Kwa hiyo anayejali ustawi wa watu wa Nassa asianzie kwenye mbinu za kupumua. Aanzie kwenye saa. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Miradi ya namna hii huelezwa kwa urefu wa mabomba, ukubwa wa matangi na magonjwa yatakayopungua, na yote hayo ni muhimu. Ingefaa pia zihesabiwe saa ambazo kila mama anarudishiwa kisima kinaposogea hadi mlangoni. Akitaka kuzitumia kusali, asali. Akitaka kulala, alale. Na watoto wa kiume wa nyumba hiyo wajifunze kusonga ugali Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza.