Istitaa na Viza ya Hija

Maulamaa wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu walio wengi wa pwani yetu, walipoifasiri Aya ya 97 ya Sura ya Aali Imran, inayomfaradhishia Hija yule tu awezaye njia ya kuiendea Nyumba, hawakuutaja uwezo huo, yaani istitaa, kwa neno moja wakapita. Waliuchambua, wakataka pawepo masurufu ya kwenda na kurudi pamoja na posho ya watakaobaki nyumbani, kipando, siha ya kukihimili kipando hicho, na amani ya njia, yaani msafiri asiichelee nafsi yake wala mali yake. Viza hawakuitaja, maana haikuwapo. Lakini mahali pake walikwisha kuiwekea, nami naona ni hapo penye amani ya njia.

Wako waionao viza kuwa ukuta uliojengwa na serikali baina ya mja na Mola wake, nao hutamani zama za majahazi, ati mtu alijitwika mzigo wake akafika Jeddah asiulizwe neno. Zama hizo hazikuwa hivyo. Tangu 1882, kwa kuhofiwa kipindupindu, mahujaji walioingia Bahari ya Sham kutokea kusini walishushwa kisiwani Kamaran, wakatiwa karantini, na nguo zao zikafukizwa dawa, kabla ya kuachiwa waendelee. Kizuizi cha leo kimezaliwa na wingi wa watu: mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi za Kiislamu zilikubaliana kila nchi ipewe nafasi 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja, na ndiyo sababu Mwindonesia huandikisha jina lake akangoja makumi ya miaka.

Mwenye kutaka kujua kwa nini naiweka viza katika amani ya njia na autazame mwaka 2024, joto lilipopita nyuzi 50 mjini Makka. Serikali ya Saudia ilitangaza kuwa waliofariki walikuwa 1,301, na asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali cha Hija. Walikwenda masafa marefu juani kwa miguu, bila hema wala pa kujisitiri, kwa kuwa hema na basi hufuata kibali. Wengi katika watu wa namna hii huwa wameingia kwa viza ya matembezi. Hija ya mtu kama huyo, akizitimiza nguzo zake, wanavyuoni wengi huihesabu kuwa sahihi, ingawa yeye amepata dhambi. Lakini mimi lawama kubwa zaidi ningemtwika wakala aliyemuuzia safari ile hali akijua.

Basi aliyeomba akanyimwa hana lawama, kwani njia hakuiweza. Suala gumu ni la yule asiyeomba kabisa. Katika ofisi ya kikundi kimoja cha Hija nilimsikia mzee, mwenye nyumba za kupangisha na afya njema, akisema, “Mimi Mungu akiniita nitakwenda,” na kijana aliyekuwa akizipanga pasi mezani akamjibu kwa adabu, “Inshallah, mzee wangu, lakini pasi yako hii inakufa kabla ya Mfungo Tatu.” Kijana yule, nadhani pasipo kukusudia, alikuwa ametoa fatwa. Pasi inayotakiwa ibakiwe na miezi sita, sindano ya homa ya uti wa mgongo inayotakiwa itangulie kuwasili kwa siku 10, jina linalotakiwa liandikishwe mapema: hayo yote yamo katika uwezo wa mja, na asiyeyashughulikia hawezi kudai kwamba amezuiwa, maana hajabisha hodi hata mara moja.

Najua jibu lake lilipo. Imamu Shafii aliruhusu Hija icheleweshwe, maadamu mtu ameazimia kuitekeleza, tofauti na wengi wa maimamu wengine walioitaka kwa haraka. Ruhusa hiyo ni rehema. Ila aliyekuwa na uwezo akaahirisha, kisha akafa, deni limemganda, na warithi hawana budi kutoa gharama za Hija ya badali katika mali yake kabla ya kugawana. Na huyo wa badali, ambaye lazima awe amekwisha kujihijia mwenyewe, kama anatoka huku kwetu, naye atatakiwa viza.